Susanna Wesley: Mama Aliyepanga Kila Saa na Kumkabidhi Mungu Yaliyobaki



Jumapili hii tunawaletea habari za mama mmoja aliyeishi hapa hapa Uingereza takriban miaka 300 iliyopita. Jina lake ni Susanna Wesley. Wengi wetu tunawajua wanawe wawili: John Wesley, mhubiri ambaye kazi yake ilizaa kanisa la Methodisti, na mdogo wake Charles, mtunzi wa maelfu ya nyimbo za sifa ambazo baadhi yake zimo katika vitabu vyetu vya Kiswahili. Mama yao hatumjui sana.

Tumemchagua kwa sababu akina mama wa kanisa letu wamechoka. Wengi wetu tunafanya kazi za zamu, hospitalini, kwenye nyumba za kutunzia wazee, kwenye maghala na kazi za usafi. Mama anatoka zamu ya usiku, anawapeleka watoto shule, analala saa chache, anaamka kupika na kukagua kazi za shule. Halafu anapiga simu nyumbani kuuliza kama dawa ya presha ya bibi imepatikana. Akirudi kazini usiku bado anatuma ujumbe kuuliza kama wote wamelala. Ukimwuliza kwa nini hapumziki, atakuambia kwamba akiacha kidogo tu, kila kitu kitaharibika. Hofu hiyo Susanna aliijua vizuri sana.

Binti wa nyumba kubwa

Susanna alizaliwa London tarehe 20 Januari 1669. Baba yake, Dkt. Samuel Annesley, alikuwa mchungaji wa wale waliojitenga na Kanisa la Uingereza, na Susanna alikuwa kitinda mimba katika nyumba iliyozaliwa watoto 25. Alikua akisoma sana, akisikiliza watu wazima wakijadili mambo ya dini na siasa, na alizoea kufikiri mwenyewe. Kabla hajafikisha miaka 13 alipima hoja za pande zote mbili, kisha akaamua kurudi katika Kanisa la Uingereza ambalo baba yake alikuwa ameliacha. Baba hakumfukuza wala kuacha kumpenda.

Mwaka 1688, akiwa na miaka 19, aliolewa na mchungaji kijana aliyeitwa Samuel Wesley. Miaka michache baadaye walihamia Epworth, mji mdogo wa wakulima katika Lincolnshire, na huko ndiko walikoishi karibu miaka 40.

Ndoa yao ilikuwa ya watu wawili wenye misimamo. Mwaka 1702 hivi, Samuel alimwombea Mfalme William katika sala ya nyumbani, akaona mkewe hakuitikia Amina. Susanna aliamini kwamba William hakuwa mfalme halali. Samuel alikasirika, akahama nyumba, akaenda London, akamwacha mama na watoto. Mfalme akafariki, na baada ya miezi kadhaa Samuel akarudi. John alizaliwa mwaka uliofuata, 1703. Kwa hiyo msije mkadhani tunawasimulia habari za nyumba ambayo haikuwahi kupata ugomvi.

Ratiba ya Mama Susanna

Susanna alizaa watoto 19. Kumi tu ndio waliokua wakawa watu wazima, wavulana 3 na wasichana 7. Wengine aliwazika wadogo sana.

Kwa wale waliobaki aliweka utaratibu ambao hata sisi tulio wauguzi, tuliozoea kuandika kila kitu kwa saa, tunaustaajabia. Watoto walikula kwa saa maalum, na kati ya mlo na mlo hapakuwa na kudokoa. Saa mbili usiku wote walikuwa kitandani. Mtoto mdogo alifundishwa kulia kwa sauti ya chini. Mtoto aliyekiri kosa lake hakuchapwa, na kosa lililokwisha kuadhibiwa halikutajwa tena. Kila mtoto alipofika miaka 5 alifundishwa herufi zote kwa siku moja, na kesho yake akaanza kusoma kitabu cha Mwanzo. Wawili tu walihitaji siku moja na nusu. Shule ya nyumbani ilikuwa kuanzia saa tatu asubuhi hadi saa sita, na tena saa nane hadi saa kumi na moja jioni. Mwalimu alikuwa yeye mwenyewe, kwa miaka mingi. Wasichana walifundishwa kusoma vizuri kwanza, ndipo wapewe sindano na uzi, jambo ambalo nyumba nyingi za wakati ule hazikulifanya.

Zaidi ya hayo alikuwa na saa zake za faragha na Mungu, na hakuruhusu kazi za nyumba zizile.

Mama wa namna hiyo akitushauri leo tungemsikiliza kwa makini, pengine tungebandika ratiba yake kwenye friji. Lakini yaliyompata Susanna ni mengi ambayo ratiba yake haikuweza kuyazuia.

Mwaka 1705

Mwaka 1705 kulikuwa na uchaguzi wa bunge, na Samuel aliunga mkono upande ambao majirani wengi hawakuutaka. Usiku mmoja, Samuel akiwa safarini Lincoln, kundi la watu lilizunguka nyumba likipiga kelele, ngoma na bastola hadi usiku wa manane. Susanna alikuwa amejifungua wiki chache tu, na mtoto alikuwa amepewa yaya wa kumnyonyesha katika nyumba ya jirani. Yaya yule hakupata usingizi kwa kelele zile. Alipolala karibu na alfajiri alilala kama mfu, akamlalia mtoto. Alipoamka mtoto alikuwa amekwisha kufa.

Sisi tunaofanya kazi hospitalini tunajua maswali ambayo mama hujiuliza usiku baada ya msiba kama huo. Kama ningemlaza kwangu. Kama ningeamka mapema. Uchungu wa mwana aujuaye mzazi.

Wiki chache baadaye Samuel alikamatwa nje ya kanisa lake kwa deni lisilofika pauni 30, akafungwa katika jela ya ngome ya Lincoln. Usiku watu wasiojulikana wakawachoma visu ng'ombe watatu waliokuwa wakiwapa watoto maziwa. Susanna akavua pete zake, kwa kuwa hakuwa na kitu kingine cha thamani, akampelekea mumewe gerezani azitumie. Samuel akazirudisha. Askofu Mkuu wa York alipomwuliza Susanna kama amewahi kukosa mkate, alijibu kwa uaminifu kwamba mkate haukuwahi kukosekana kabisa, ila alihangaika mno kuupata na tena kuulipia, hata utamu wake ukaisha. Mama yeyote aliyewahi kuhesabu senti dukani anamwelewa.

Usiku wa moto

Tarehe 9 Februari 1709, usiku, paa la nyasi la nyumba yao lilishika moto. Susanna alikuwa mgonjwa na mjamzito. Hakuweza kupanda dirishani kama wengine. Alijaribu kutoka kwa mlango wa mbele akarudishwa na moto, akajaribu tena, mwishowe akapita katikati ya ndimi za moto akiwa karibu hana nguo, akatoka na majeraha usoni na mikononi. Charles, aliyekuwa na miezi 14, alibebwa na mtumishi.

Walipohesabu watoto nje, John hakuwapo. Alikuwa na miaka 5, amelala chumba cha juu. Baba yake alijaribu kupanda ngazi, lakini ngazi zilikuwa zikiungua na hazikuweza kumbeba. Akapiga magoti ukumbini, akaiweka roho ya mwanawe mikononi mwa Mungu, akiamini amempoteza. Wakati huo John alikuwa ameamka, akapanda juu ya sanduku lililokuwa karibu na dirisha, na watu wakamwona kutoka uani. Hapakuwa na muda wa kutafuta ngazi. Mtu mmoja alisimama mabegani mwa mwenzake, akanyoosha mikono, akamtoa. Mara paa likaanguka.

Tafakarini jambo hili kidogo. Mtoto yule hakuokolewa na mama yake wala na baba yake. Aliokolewa na majirani wa mji uleule ulioipigia nyumba yao kelele miaka minne kabla. Susanna alikuwa nje, ameungua, ana mimba, hana la kufanya.

Baada ya moto, watoto waligawanywa kwa ndugu na majirani mpaka nyumba ijengwe upya. Walipokusanyika tena, Susanna alikuta kazi yake ya miaka imeharibika. Watoto walikuwa wamejifunza nyimbo zisizofaa, wamezoea kucheza bila mpaka, na wamerudi na lafudhi nyingine na tabia za kihuni. Tunaona wazazi wengi hapa mnatabasamu. Mtoto anaondoka asubuhi akiongea kama kwetu, jioni anarudi anaongea kama wenzake wa shule, na shikamoo imeisha.

Susanna alihuzunika, kisha akaanza upya. Sasa shule ilifunguliwa na kufungwa kwa kuimba Zaburi. Jioni mtoto mkubwa alimchukua mdogo, wa pili akamchukua anayemfuata, wakasomeana Zaburi na sura ya Biblia wawili wawili. Na kuhusu John, aliandika katika tafakari zake za faragha kwamba mtoto huyu amerudishiwa na Mungu kwa rehema, hivyo ataitunza roho yake kwa uangalifu zaidi. Tangu usiku ule alijua kwamba John ni mtoto wa Mungu aliyewekwa kwake kama amana.

Saa moja kwa kila mtoto

Wakati wa baridi ya 1711 hadi 1712 Samuel alikuwa London kwa vikao vya kanisa. Katika chumba cha vitabu cha baba, binti mkubwa Emily alikuta habari za wamisionari wa Denmark waliokwenda Tranquebar, India. Susanna alisomewa habari hizo zikamgusa sana. Aliona kwamba ingawa yeye si mchungaji wala mwanamume, lipo zaidi ambalo angeweza kufanya pale alipo. Akaamua kila jioni kuzungumza faragha na mtoto mmoja: Jumatatu Molly, Jumanne Hetty, Jumatano Nancy, Alhamisi John, Ijumaa Patty, Jumamosi Charles, na Jumapili Emily pamoja na Sukey. Miaka 20 baadaye, John akiwa mwalimu Oxford, bado aliitamani ile Alhamisi yake, akamwandikia mama yake kumwomba sehemu ndogo ya jioni ile katika maombi.

Jumapili jioni Susanna alikuwa akiwasomea watoto na watumishi sala na mahubiri jikoni. Mtumishi mmoja akawaambia wazazi wake, wakaja. Majirani wakasikia, wakaja. Wakafika watu 200 na zaidi, wengine wakakosa pa kusimama. Msaidizi wa Samuel alimwandikia akilalamika kwamba mama mchungaji anaendesha ibada. Samuel akamwomba mkewe aache. Susanna alijibu kwa heshima, akieleza kwamba watu waliokuwa hawaji kanisani sasa wanakuja, na uadui wao na familia umepungua. Kama mumewe bado anataka aache, asimshauri tu. Amwamuru waziwazi, ili Siku ya Hukumu lawama ya roho zile isiwe juu yake. Samuel hakumwamuru.

Hakuyapanga mambo hayo. Alikuwa amepanga kuwasomea watoto wake jikoni, basi.

Lililomshinda

Tusiwadanganye, wapendwa. Malezi yale hayakutoa watoto wasio na majeraha. Hetty, aliyekuwa na kipaji kikubwa cha ushairi, alitoroka na mwanamume mwaka 1725, akarudi mjamzito. Aliozwa haraka kwa fundi wa mabomba ambaye hawakufanana kwa lolote, na ndoa hiyo ilikuwa ya huzuni. Baba yake hakumsamehe. Hata Susanna hakuwa mwepesi kumpokea. John, akiwa kijana, alihubiri juu ya upendo kwa wakosaji huku baba yake akiwa anasikia, na nyumba ikatikisika. Binti wengine nao walipata ndoa ngumu na umaskini.

Tunalisema hili kwa sababu wapo kati yetu wazazi ambao hawainui tena macho kanisani kwa ajili ya mtoto fulani. Tunapenda kusema mtoto umleavyo ndivyo akuavyo, na methali hiyo ina ukweli wake. Lakini Susanna aliwalea Hetty na John kwa mkono mmoja, kitabu kimoja, saa zilezile. Mzazi hupanda na kumwagilia. Moyo wa mtoto hauna ufunguo mfukoni mwa mama.

Mikono iliyofunguka

Samuel alifariki Aprili 1735. Nyumba ilikuwa ya kanisa, kwa hiyo mjane akatoka. Mama aliyeongoza nyumba kwa miaka 40 sasa hakuwa na chumba chake, akaishi mara kwa mtoto huyu, mara kwa yule. Mwaka huohuo, mwezi wa Oktoba, John na Charles walipanda meli kwenda Georgia, Amerika. Safari ya bahari ilichukua miezi, na wengi hawakurudi. Susanna, mjane wa miezi sita, aliwaruhusu waende.

Wengi wetu tunao mama kama huyo nyumbani, Kigoma, Bukavu, Bujumbura au Mombasa. Alitushika mkono kwenye kituo cha basi au uwanja wa ndege, akatuombea, akauachia. Labda hatukuwahi kumwuliza ilimgharimu nini.

Wanawe walirudi. Mwaka 1739, akiwa na miaka 70, Susanna alikuwa akipokea ushirika mtakatifu kwa mkono wa mkwe wake. Maneno ya kikombe yalipotamkwa, yalipenya moyoni mwake, akajua kwamba Mungu amemsamehe dhambi zake, yeye mwenyewe, kwa ajili ya Kristo. Alimwambia John kwamba kabla ya hapo hakudhani mtu wa kawaida anaweza kuwa na hakika hiyo. Alikuwa amesali kwa saa maalum maisha yake yote. Neema hii ilimjia akiwa amepiga magoti na mikono mitupu, kama inavyomjia yeyote.

Miaka yake ya mwisho aliishi na John London, katika jengo lililokuwa zamani kiwanda cha mizinga. Huko John alikasirika aliposikia kwamba Thomas Maxfield, mtu asiye mchungaji, ameanza kuhubiri. Mama akamshauri amsikilize kwanza, aone matunda. John akamsikiliza, akakubali, na tangu hapo walei wakawa nguzo ya kazi ile. Susanna alifariki Julai 1742. Aliwaomba watoto waliokuwa karibu naye kwamba roho yake ikishatoka, wamwimbie Mungu zaburi ya sifa. Wakafanya hivyo. Amezikwa katika makaburi ya Bunhill Fields, London. Mwaka 1862 Thomas Wakefield alifika Mombasa, na Wamethodisti wakaanza kazi Ribe. Mwanzoni mwa karne ya 20 wengine walifika Katanga. Jiko la Epworth limefika mbali.

Kwetu sisi

Sisi wauguzi tuna desturi ya kukabidhiana zamu. Saa ya kutoka ikifika, tunamweleza mwenzetu hali ya mgonjwa, dawa alizopewa na jambo la kuangalia, kisha tunaondoka. Mgonjwa bado ni mgonjwa. Tunaondoka kwa sababu yupo anayeingia zamu, na muuguzi asiyejua kukabidhi hadumu katika kazi hii. Susanna alifanya zamu yake kwa bidii kubwa, kisha alifundishwa, tena kwa machozi, kukabidhi. Tofauti ni kwamba Yeye anayepokea zamu yetu alikuwapo tangu mwanzo, wala halali.

Kwa hiyo akina mama, endeleeni kupanga. Ratiba ni jambo jema. Mkipata dakika 20 kwa wiki za kukaa na mtoto mmoja peke yake, simu ikiwa mbali, mpeni. Nanyi akina baba, msimwachie mama zamu zote mbili. Kila usiku, kabla ya kulala au kabla ya kuingia kazini, tajeni watoto wenu mmoja mmoja mbele za Mungu, mkimweleza hali ya kila mmoja kama tunavyomweleza mwenzetu wodini. Kisha mwachieni. Mwenye mtoto aliyepotea amtaje wa kwanza, na mlango usifungwe.

Tuombe. Ee Bwana, tunakukabidhi watoto wetu, walio vyumbani mwetu na walio mbali. Tunakukabidhi wazazi tuliowaacha nyumbani. Tupe nguvu ya kufanya lililo letu, na amani ya kukuachia lililo lako. Wafariji waliozika watoto, na uwarudishe waliopotea. Kwa jina la Yesu Kristo. Amina.